Magadheera
Magadheera ni filamu ya Kitelugu ya mapenzi na mapigano iliyoongozwa na S. S. Rajamouli na kuzinduliwa nchini India tarehe 31 Julai 2009. Ram Charan anaigiza Harsha, kijana mwendesha pikipiki jijini Hyderabad. Vidole vyake vinapogusa vya Indu (Kajal Aggarwal) barabarani, anapigwa kama na umeme na kuanza kukumbuka maisha ya miaka 400 iliyopita, alipokuwa Kala Bhairava, askari mlinzi wa binti mfalme Mitravinda.

Onyesho linalosimuliwa zaidi ni la Bhairava kuwakabili mashujaa 100 wa mvamizi Sher Khan kwenye njia nyembamba juu ya genge. Hesabu hiyo haiaminiki, lakini utamu ndio huo. Filamu ilivunja rekodi za mapato ya sinema ya Kitelugu wakati huo, na ikatwaa tuzo za kitaifa za India za madoido maalumu na za uchezaji dansi.

Nchini Kenya, filamu za Kihindi na Kitelugu kama hii zimekuwa zikifika mbali na kumbi rasmi kupitia vibanda vya video na diski za bei nafuu. Kwa watazamaji wa miji kama Kisii, Nyamira na Keroka, ambao wengi wao huzungumza Ekegusii nyumbani, anayefungua hadithi ni msimulizi anayezungumza juu ya sauti ya filamu. DJ Afro, aliye maarufu kuliko wote, husimulia kwa Kiswahili kilichochanganywa na Sheng, akitia utani ambao mwongozaji hakuuwazia.