Nisipougua, Pesa Yangu ya Bima Imepotea?

Dada zangu, hapa Rhotia tukiwa kwenye vyerehani swali la bima ya afya haliishi: nisipougua mwaka mzima, si pesa yangu imepotea? Jibu liko kwenye historia.

Baada ya Azimio la Arusha, wengi walitibiwa bure hospitali za serikali. Mwaka 1993 serikali ikaanza kuchangisha wagonjwa. Ukiugua huna kitu, unauza mbuzi au unakopa. Ndipo mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ukaanza kwa majaribio Igunga, Tabora. Sheria yake ikatungwa 2001. Kaya inachangia mapema, anayeugua anatibiwa kwa michango ya wote. Mfuko ulipoboreshwa mwaka 2018, mchango ukawa shilingi 30,000 kwa mwaka, kaya ya watu wasiozidi sita. Mwaka 2023 ikaja Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Kwa hiyo pesa yako haikupotea. Imemtibu mtoto wa jirani, na kesho ya jirani itamtibu wako. Ni kama mchango wa msiba: hakuna anayeomba afiwe ili arudishiwe. Tukate kadi tukiwa wazima, jamani.