Bao Lisiloandikwa

Mwaka 1906 Karl Weule, mtafiti Mjerumani wa tamaduni, alifika Masasi kisha akapanda hadi Newala akiwa na fonografu ya kunasa nyimbo na kamera ya kupigia filamu za ngoma. Vyombo hivyo vilitunza sauti na mwendo. Lakini fikra za mcheza bao zilihitaji daftari la kuandikia kila hatua. Nashikilia kwamba ukosefu wa daftari hilo umezizuia programu za kompyuta za kucheza bao kuliko ugumu wa mchezo wenyewe. Ugumu upo: mashimo 32, kete 64, nyumba ya kulinda, na hatua ya kunamua (kuingiza kete za akiba) inayotangulia ile ya mtaji. Lakini sataranji nayo ni ngumu, na kompyuta ya Deep Blue iliyomshinda bingwa Garry Kasparov mwaka 1997 ilibebwa pia na hazina ya michezo ya mabingwa iliyoandikwa kwa vizazi. Upande wa bao, mtafiti Alex de Voogt alichapisha utafiti wake mwaka 1995, nao ulihusu mabingwa wa Zanzibar, si wachezaji wa Newala.

Mtu atapinga kwamba programu ya AlphaZero, mwaka 2017, ilijifunza sataranji kwa kupewa kanuni tu, bila mchezo hata mmoja wa binadamu. Ni kweli, na hoja hiyo ina uzito. Ila kanuni za sataranji ni zilezile duniani kote, ilhali za bao hutofautiana baina ya mahali na mahali, na anayeiandika programu lazima achague za nani. Tena, mashine iliyojifundisha yenyewe itashinda bila kutuonyesha mzee wa Newala alivyokuwa akimtega mwenzake.