Kibarua Anatafuta Mji

Nilipomwambia mama nataka kuhamia Mombasa, alinyamaza mpaka nikadhani kredo imeisha. Kisha akauliza, "Mombasa gani?"

Mimi nilijua Mombasa moja tu. Mama ana mbili: kisiwani na ng'ambo. Ng'ambo ni Likoni, ambako alipanga chumba na kushona nguo za watu akiwa bado msichana, akatoka Agosti 1997 na juala moja mkononi. Hiyo stori nilikuwa nimeisikia kwa vipande tu, vile watoto husikia mambo ya watu wazima. Nilikuwa sijazaliwa, na mambo ya kabla hujazaliwa unayachukulia kama sinema ya watu wengine.

Sababu zangu za kuhama Nairobi si za ajabu. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ikiwa imenishinda na masomo yenyewe yakiwa yamenichosha, sijui kipi kilitangulia. Tangu hapo naandika. Naandikia watu maelezo ya bidhaa, natafsiri, nahariri, mara moja niliandika hotuba ya baba wa bibi harusi ambaye sijawahi kumwona. Pesa inaingia ikitaka. Keja yangu Kasarani inameza nusu ya hiyo pesa, na mwenye nyumba amepandisha kodi mara mbili bila kuongeza hata balbu ya ngazi. Kazi yangu inahitaji kompyuta, stima na intaneti. Basi mbona nakaa hapa?

Nikachora jedwali. Miji upande huu, vigezo upande ule: kodi, intaneti, joto, nauli ya kurudi nyumbani Kitui. Safu ya mwisho niliiandika "tutapatana?" Safu zingine zilijaa jioni moja. Hiyo moja ilikaa wiki tatu bila kitu.

Nakuru nilifuta mapema. Ilipata hadhi ya jiji Desemba 2021, Eldoret ikafuata Agosti 2024, na watu wake wote niliozungumza nao walikuwa na haraka kama ya Nairobi, tofauti ni sweta. Kisumu ilinishika kidogo. Reli ilifika huko Desemba 1901, wakati huo pakiitwa Port Florence, na ziwa peke yake linaweza kumshawishi mtu. Lakini Dholuo changu kinaishia kwenye salamu, na rafiki yangu wa huko aliniambia ukweli: utakaribishwa, utalishwa samaki, halafu utani utaanza na hutajua unachekwa wewe au nani.

Kwa hiyo ilibaki Mombasa. Na kwa sababu safu ile haijazwi kwa namba, nilianza kusoma historia. Nilitaka kujua hii miji ilitengenezwa kwa ajili ya nani.

Nairobi haikufichi. Ilianza 1899 kama kambi ya reli, mahali pa kupumzisha garimoshi kabla ya kupanda milima. Kwa Mwafrika, mji huo ulikuwa mahali pa kuja kufanya kazi kisha kuondoka. Kuanzia miaka ya 1920 kila mwanamume wa zaidi ya miaka 16 alitembea na kipande ndani ya kijaluba cha chuma, mara nyingi kimening'inia shingoni, kikisema ni nani, ametoka wapi na mwajiri wake ni nani. Na mji ulipoamua kwamba fulani hafai, haukusitasita. Aprili 1954, katika operesheni iliyoitwa Anvil, wanajeshi waliuzingira, wakawachambua wakazi mtaa kwa mtaa, na zaidi ya watu 20,000, wengi Wakikuyu pamoja na Waembu na Wameru, wakapelekwa vizuizini. Familia nyingine zilirudishwa mashambani.

Sisemi Nairobi ya leo ni ile. Lakini tabia za mji hazifi haraka. Angalia tunavyoishi: kila mtu ana "kwetu" pengine, Desemba tunahama kama nzige, na mtu akifa tunachanga tumpeleke nyumbani. Babangu mdogo aliishi Umoja miaka 31. Tangazo la kifo lilisema "wa Kitui".

Mombasa ina hadithi nyingine, na kilichonivuta ni neno moja. Kibarua.

Neno lenyewe ni barua iliyofanywa ndogo. Zamani pwani, mtu aliyefanya kazi ya kutwa alipewa kijikaratasi, na kwa hicho kijikaratasi akalipwa. Karatasi ikaipa kazi jina, kazi ikampa mtu jina. Bandari ya Mombasa ilijengwa na vibarua: makuli waliobeba magunia kutoka melini, leo wapo, kesho hawapo. Mtu wa Likoni au Jomvu mwenye minazi yake aliweza kufanya kazi siku kadhaa kwa mwezi, akapata shilingi alizohitaji, akarudi shambani. Mbara aliyekuja bila shamba alifanya siku nyingi zaidi, lakini naye alipenda uhuru huo. Malipo ya kutwa hayakuwa mabaya yakilinganishwa na ya mfanyakazi wa mwezi, na hakuna mzungu wa kukuuliza Jumatatu ulikuwa wapi.

Maofisa wa serikali ya kikoloni walichukia sana jambo hili. Kwao huo ulikuwa uvivu. Kwa miaka mingi waliandika ripoti za jinsi ya kummaliza kibarua na kupata mfanyakazi wa kudumu, mwenye kadi, mwenye nyumba ya kampuni, anayeamka kwa king'ora. Vita Kuu ya Pili ilipoisha waliongeza bidii, na kufikia miaka ya 1950 bandari ilikuwa na orodha ya vibarua waliosajiliwa. Asiyefika siku za kutosha anafutwa.

Nilisoma hayo saa nane usiku nikisubiri malipo ya makala niliyokuwa nimeyawasilisha miezi miwili kabla. Nikacheka peke yangu. Ndugu zangu hao! Wazazi wetu walituombea kazi ya kudumu, sisi tukarudi kwenye kijikaratasi. Tofauti ni kwamba kuli wa 1930 alilipwa jioni.

Msidhani kibarua alikuwa mtu wa kustarehe tu. Januari 1947 mji mzima ulisimama. Watu kama 15,000, makuli, watu wa reli, wapishi wa wazungu, waliweka kazi chini kwa karibu wiki mbili. Walikutana uwanja mmoja, wakaungana katika African Workers Federation, na kiongozi wao aliyejulikana zaidi alikuwa Chege Kibachia, mtu wa Kiambu. Mbara, katikati ya Mombasa, akiwahutubia Wadigo, Wajaluo, Wakamba na Waswahili kwa lugha moja. Agosti mwaka huo walimkamata wakampeleka uhamishoni Kabarnet. Hapo nilikaribia kujaza ile safu: ndiyo, tutapatana.

Tena nikaenda nyuma zaidi, kwa sababu mtu akitaka kuthibitisha jambo haachi kusoma mpaka apate mengi ya kulithibitisha. Mwaka 1331 Ibn Battuta alilala Mombasa usiku mmoja. Aliona watu wanakula ndizi na samaki, nafaka inaletwa kutoka bara kwa sababu kisiwani hawalimi, misikiti ni ya mbao iliyotengenezwa vizuri, na mlangoni kuna kisima watu waoshe miguu kabla ya kuingia. Yaani hata yeye alikuwa na safu zake: chakula, maji, adabu.

Halafu kuna Thenashara Taifa, zile taifa kumi na mbili za Waswahili wa Mombasa, tatu za upande wa Kilindini na tisa za upande wa Mvita. Ukitaka kujua mwenyeji wa Mombasa ni nani, soma orodha ya zile tisa. Kuna Wakilifi. Kuna Wamtwapa. Kuna Wapate, Wapaza, Wabajuni. Hayo ni majina ya mahali pengine! Watu walihama miji yao ya kaskazini, wengi kwa vita na miji kuporomoka, wakaja kisiwani, na baada ya karne kadhaa wakawa ndio wenyewe. Zile Thelatha Taifa nazo zilikuwa na mapatano ya zamani na Wadigo wa kusini. Hata sisi Wakamba tumo. Misafara yetu ya pembe za ndovu ilikuwa ikishuka mpaka pwani kabla ya reli kuota, na njaa ya miaka ya 1830 iliwaleta wengine wakakaa karibu na Rabai.

Nilimpigia mama nikiwa na haya yote mdomoni, kama wakili. Nikamwambia Mombasa ni mji wa waliokuja. Kila mtu alikuja.

Akasema, "Waambie hayo waliotuchomea."

Basi nikasoma ile sehemu niliyokuwa nikiiruka.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, watu wenye silaha walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua polisi, wakachukua bunduki. Kisha wakaingia vibandani na majumbani wakitafuta wabara. Ilikuwa miezi minne kabla ya uchaguzi, na Likoni ilikuwa na wapiga kura wengi wa bara ambao hawakutarajiwa kuipigia kura chama tawala. Kwa wiki kadhaa watu waliendelea kuuawa na kuchomewa, na waliokimbilia kanisani walifuatwa huko huko. Zaidi ya 100 walikufa, makumi ya maelfu walihama. Tume ya Jaji Akiwumi ilichunguza mapigano hayo na mengine ya miaka ile, na ripoti yake ikakaa kabatini hadi 2002.

Hilo ni rahisi kulieleza: wanasiasa waliwasha moto. Ni kweli, lakini moto unahitaji kuni, na kuni zilikuwapo. Sheria ya hatimiliki ya 1908 ilimtaka kila mdai katika ukanda wa pwani athibitishe shamba lake ni mali ya mtu. Kwa Wamijikenda ardhi ilikuwa ya ukoo. Wengi wakaamka wakiwa maskwota kwenye makaburi ya babu zao. Uhuru ulipokaribia, baadhi ya watu wa pwani walidai Mwambao ujitawale. Oktoba 1963 Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Shamte, walikubaliana ukanda ule uwe Kenya, na ndiyo ikawa. Kisha ardhi nzuri ya bahari ikaendelea kwenda kwa wakubwa wa bara. Kijana wa Kidigo wa 1997 asiye na kazi alimwona mbara mwenye kibanda cha mboga, kwa sababu mbara mwenye hoteli alikuwa mbali na ana askari.

Mama hakuwa na hoteli. Alikuwa na cherehani ya kukopa.

Sijui niiweke wapi hiyo kwenye jedwali. Nimejaribu kujiambia ni zamani, kwamba Mombasa imejaa wabara na hakuna anayewauliza. Lakini nikisema "mji unanifaa" nazungumza nusu ya mambo. Nusu nyingine ni kama mimi naufaa mji: mtu wa bara, mwenye kompyuta, anayelipwa kutoka mbali, anayetafuta chumba chenye upepo wa bahari kwa bei poa. Kodi ya Nyali haikupandishwa na watu wa Nyali peke yao.

Wiki iliyopita mama alinipigia mwenyewe, kitu ambacho hafanyi kabla ya Jumapili. Akaanza katikati, bila salamu.

Mama mwenye nyumba wake Likoni alikuwa Mdigo, mjane. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba pande mbili, yeye akikaa cha mbele na wapangaji vingine. Kulipokucha alimfunga mama leso mbili, moja kiunoni, moja kichwani hadi usoni, akamwambia asifungue mdomo hata akiulizwa, kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa kinanuka Kitui. Wakatembea hadi feri. Walipokutana na vijana njiani yule bibi aliwaambia, "Ni mwanangu, mgonjwa, nampeleka hospitali." Upande wa pili akamrudisha kwa kumsukuma begani, kama anayefukuza kuku, akageuka na feri ile ile.

"Hujawahi kuniambia," nikasema.

"Hukuwa na safari."

Naondoka Ijumaa, basi la usiku. Sijaamua kuhamia. Naenda wiki mbili kwanza, nikae chumba cha rafiki Majengo, nione. Mama ametuma shilingi 1,500 kwenye simu. 600 ni kodi ya Agosti 1997, ambayo hakulipa. Zilizobaki ni za sukari na majani. Kama bibi hayupo, niwape wanawe. Nyumba iko nyuma ya msikiti, ina mkwaju mlangoni, na kama mkwaju ulikatwa, amesema, niulize tu.