Samaki Apigaye Inzi kwa Maji

Ukitaka kufuga samaki katika tangi la kioo, msomaji, na maji uliyo nayo ni ya chumvichumvi, yaani si matamu kama ya mtoni wala si makali kama ya bahari kuu, yamkini utavutwa kuwachagua kwa uzuri wa rangi. Wengi wamefanya hivyo, na samaki wao wakafa. La kuulizwa kwanza ni hili: samaki huyu ni nani hasa, naye kwao ni maji gani? Swali hilo laonekana jepesi, lakini liliwahi kuwatatiza wataalamu wa Ulaya kwa zaidi ya miaka 130.

Katika karne ya 18 mji wa Batavia, ambao siku hizi huitwa Jakarta, ulikuwa chini ya Waholanzi, na msimamizi wa hospitali yao aliitwa Hommel. Bwana huyu alisikia habari za samaki ambaye akiona inzi juu ya jani humpiga kwa tone la maji, akaanguka, akaliwa. Hakuridhika kusikia tu. Alijaza pipa pana maji ya bahari, akatia samaki hao wakiwa hai, akawa akiyabadili maji kila baada ya siku moja. Walipozoea, alichoma inzi kwa pini kwenye ncha ya kijiti na kukiegemeza ukingoni. Samaki wakalenga, wala hawakukosa!

Mwaka wa 1764 habari hizo zilifika London kwa barua ya tabibu Schlosser wa Amsterdam, pamoja na samaki mmoja aliyekufa. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Samaki aliyepelekwa hakuwa yule mpiga shabaha, bali ni samaki wa matumbawe mwenye mdomo mrefu mwembamba, ambao huutumia kudonoa vijidudu katika nyufa za miamba. Hommel alipeleka samaki wengine baadaye, na mwaka wa 1767 Peter Simon Pallas akamweleza mpiga shabaha wa kweli. Lakini kosa likishapigwa chapa haliondoki upesi. Vitabu viliendelea kumsifu yule mwenye mdomo mrefu. Waliomchunguza hawakumwona akipiga kitu, na wengine wakaanza kuona kuwa hadithi nzima ni uzushi. Kwa maoni yangu Hommel alionewa, kwani alikuwa ametazama kwa macho yake mwenyewe.

Ufugaji wa samaki ndani ya kioo ulistawi Uingereza tangu mwaka wa 1850, na mwaka wa 1853 Bustani ya Wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki. Hata hivyo ilikuwa mwaka wa 1902 ndipo Mrusi Nikolai Zolotnitsky alipotoa taarifa ya samaki wa Pallas aliowafuga tangini, akawaona wakipiga. Baadaye ikajulikana na namna yake: kaakaa lina mfereji, ulimi ukiugusa huwa bomba, na mashavu yakifungwa ghafula maji hufyatuka.

Sasa tazama tofauti ya samaki hao wawili. Yule wa matumbawe ni wa bahari tupu, yenye chumvi gramu 35 hivi katika kila lita, na katika maji ya chumvichumvi hudhoofika. Mpiga shabaha hukaa kwenye mikoko na milango ya mito, kuanzia Bara Hindi hata Australia, ambako maji kujaa na kupwa hubadili chumvi kila siku. Kwa hiyo huvumilia. Ila atakayemfuga aache nafasi kubwa kati ya maji na kifuniko, maana windo lake liko hewani.

Pwani yetu hana makao. Lakini katika mikoko ya Gazi na Mida wamo samaki wadogo warukao juu ya matope, ambao nao huvumilia chumvi ikipanda na kushuka. Hao hutaka mahali pakavu pa kupanda, na tangi lililojaa pomoni haliwafai. Mwatiko pia huingia katika maji hayo, walakini hukua kupita mita 1. Huyo mwachie mwenye bwawa.