Mgeni anayetaka kuhamia shamba Unguja: mambo ya kujua (na wewe mwenyeji yanakuhusu)

Hapa Forodhani jioni haipiti bila mzungu kuuliza: "Nataka kuhamia Jambiani, naanzaje?" Vijana wengi tunajibu kwa kubahatisha, na wengine wanajikuta ndani ya dili wasizozielewa. Nimekusanya ya msingi, msome.

1. Kibali
Uhamiaji ni jambo la Muungano, kwa hiyo kibali cha ukaazi ni kile kile cha Tanzania nzima. Daraja A ni la mwenye mtaji wake, B la aliyeajiriwa, C la wengine kama wanafunzi, watafiti, wanaojitolea na wastaafu. Viza ya matembezi haimruhusu mtu kufanya kazi, hata ile ya kufundisha watalii mchezo wa kaiti pale Paje.

2. Sheha
Kila shehia ina sheha wake, anayeteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Yeye ndo anayejua nani kaingia na nani katoka. Mgeni akipangisha nyumba Bwejuu bila kupita kwa sheha kaanza vibaya. Aende na mwenye nyumba, avae kiheshima, apige hodi, asalimie, halafu aseme shida yake. Kama Kiswahili hana, ajifunze salamu kabla ya kujifunza bei.

3. Ardhi (hapa ndo penye noma)
Kwa sheria ya ardhi Namba 12 ya mwaka 1992, ardhi yote Zanzibar ni ya umma, chini ya Waziri anayehusika. Haki ya matumizi anapewa Mzanzibari. Mgeni anakodishwa na Serikali kwa muda maalumu, kwa ajili ya uwekezaji. Tangu 2010 kuna pia sheria ya kondominiamu, inayomfungulia njia ya kukodi fleti kwa muda mrefu. Lakini kununua kiwanja cha mtu kijijini kwa mapatano ya barazani, hakuna.

Halafu kuna minazi. Kwa desturi yetu mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Mgeni akiuziwa minazi kumi, kauziwa minazi.

Sasa njia ya mkato inayopendwa: "Weka jina lako tu, nitakupa chochote." Kijana, hebu fikiri. Jina lako ndo liko kwenye karatasi, kwa hiyo deni, kesi na ugomvi wa familia vinakujia wewe. Na yeye mkikosana, au ukafariki warithi wakaja kudai chao, nyumba aliyojenga kwa pesa zake hana pa kuishikia.

Ndoa nayo haiondoi tatizo. Mgeni akioa au akiolewa hapa hapewi ardhi. Kwa Sheria ya Uraia ya 1995, mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia kwa ndoa hiyo. Mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania hana mlango huo, anapita njia ya kawaida.

4. Maisha ya kila siku
Pwani ya mashariki maji yakitoka, kina mama wanaingia kwenye mwani. Kilimo hicho kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989. Vile vijiti na kamba ni shamba la mtu, mgeni asivikanyage wala kuvipitia na kaiti. Maji ya visima vingi huko yana chumvichumvi. Umeme unatoka Bara kwa waya wa chini ya bahari: 2008 ulikatika kama mwezi mzima, na Desemba 2009 hadi Machi 2010 karibu miezi mitatu. Walioishi shamba miaka hiyo wanajua thamani ya jirani mwenye kisima cha kuteka kwa ndoo. Mchana wa Ramadhani asile hadharani, na nguo za ufukweni ziishie ufukweni.

Kwa hiyo ukiulizwa tena, mpeleke Uhamiaji, kisha kwa sheha, kisha Kamisheni ya Ardhi. Na ukiletewa karatasi ya kiwanja utie saini, isome mpaka mwisho, umwoneshe na mwanasheria. Pesa ya siku moja isikuletee kesi ya miaka.

Wadau wa Nungwi, Matemwe na Makunduchi, huko kwenu wageni wanaishije? Mwageni maoni.