Kazi bila kiwanja: wauzaji wadogo wa Kabalo na miji ya reli

Kabalo ni njia panda. Reli moja yaenda Kalemie, ya pili Kongolo na Kindu, ya tatu Kamina. Treni ikisimama, akina mama wasogea karibu na mabehewa, vitunga kichwani: samaki wakavu wa Lualaba, mawese, unga wa mihogo, ndizi. Watu wengine wasema: «Hawa wanaharibu mji.» Lakini tukifuata habari za zamani, twaona neno lingine: sheria zetu zimempa mwuzaji mdogo kazi yake, hazikumpa kiwanja cha kuifanyia.

1. Kiwanja kilikuwa cha nani?

Tarehe 1 Julai 1885 Serikali ya Mfalme Leopold II ilitangaza kwamba nchi isiyokaliwa na watu ni mali ya Serikali. Wazee wetu waliita nchi ile pori la kuwinda ao shamba la kesho. Serikali iliiita nchi tupu. Mwaka 1902 Bwana Edouard Empain aliunda kompani ya reli, ndiyo CFL. Pamoja na kazi ya kujenga njia, kompani ilipata haki juu ya hektari milioni 4. Mwaka 1915 reli iliyotoka Kabalo ilifika ziwa Tanganyika, safari ya kilometa 273.

Basi Kabalo ukawa mji wa treni na masua. Mpaka mwaka 1956, reli ya Kamina ilipofika, mizigo ya Katanga ilishuka kwa mto toka Bukama, kisha ilipakuliwa na kupakiwa tena. Wapakuzi, wakata kuni na mafundi walikuja kutoka pande nyingi, na watu wale wote walipaswa kula. Posho ya kompani haikutosha kufanya nyumba. Penye mshahara na njaa, soko lazaliwa lenyewe.

2. Mgeni mwenye karatasi

Lakini sheria za Wabelgiji hazikumwona mtu mweusi kuwa mwenyeji wa mji. Amri ya 23 Novemba 1931 ilianzisha mitaa iliyoitwa «centre extra-coutumier», ni kusema mitaa ya Waafrika nje ya mamlaka ya masultani. Kwa kutoka kwa sultani wake na kukaa mjini, mtu alihitaji karatasi ya ruhusa. Katika miji mingi mwanamke aliyekaa bila mume alilipishwa kodi yake mwenyewe. Aliyekosa karatasi aliweza kurudishwa kijijini.

Tuangalie vizuri namna ya kufikiri ile. Mji ulikuwa wa Serikali na wa kompani. Mwafrika alikaa humo kwa ruhusa, na ruhusa huondolewa na aliyeitoa.

3. Uhuru ulibadili nini?

Sheria ya 7 Juni 1966, iitwayo sheria ya Bakajika, ilirudisha kwa Serikali ya Kongo ardhi zilizogawanywa na wakoloni. Sheria ya 20 Julai 1973 ikasema wazi kwamba ardhi yote ni mali ya Serikali peke yake. Hivi kiwanja kilitoka mkononi mwa wakoloni na kompani zao, kikaingia mkononi mwa Serikali. Mwuzaji mdogo alikitazama kikipita.

Kazi yake, lakini, ilipata heshima. Sheria ya 2 Agosti 1979, na tena ile ya 8 Agosti 1990, ziliwawekea Wakongomani biashara ndogo, mradi kila mmoja awe na patente. Katiba ya 18 Februari 2006, sehemu ya 35, yasema kwamba Serikali yahimiza biashara ndogo na kazi za mikono za Wakongomani. Ni maneno mazuri. Lakini hayasemi mama atatandika wapi mkeka wake.

Na miaka ile haja ilikua. Mwaka 1994 bei za vitu katika nchi yetu zilipanda karibu asilimia 9,800 kwa mwaka mmoja. Mshahara wa mwalimu ao wa mfanyakazi wa reli ulikufa kabla ya kufika nyumbani. Kitunga cha mama ndicho kilichobaki mshahara wa nyumba. Hata hivyo, kwa Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987, mwanamke aliyeolewa alihitaji ruhusa ya mume wake kwa mapatano ya sheria. Jambo hili liliondolewa mwaka 2016 tu.

Leo mwuzaji alipa ushuru wa soko na kupewa kipande cha karatasi. Karatasi ile yashuhudia kwamba amelipa. Haishuhudii kwamba kesho atakuta mahali pake.

4. Majirani zetu

Ng'ambo ya ziwa, Desemba 2018, Rais Magufuli wa Tanzania alianza kuwagawia wauzaji wadogo, wanaoitwa machinga, vitambulisho kwa shilingi 20,000 kila kimoja. Walifurahi wengi. Lakini Oktoba 2021 machinga wa Dar es Salaam waliondolewa kandokando ya barabara. Kitambulisho kilikuwa ruhusa ya kuuza, si haki ya mahali.

India ilifuata njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 2014 yataka wauzaji wahesabiwe kwanza, na hakuna wa kufukuzwa kabla hesabu haijakwisha. Tena katika baraza la mji linaloamua mahali pa kuuzia, wauzaji wenyewe wapaswa kuwa asilimia 40 ao zaidi, na theluthi yao wanawake.

5. Tuamue nini?

Mtu atasema: reli yaua, na njia yapaswa kupitika. Ni kweli, na hakuna mama anayetaka kuuzisha chini ya magurudumu. Lakini kupanga ni kitu kimoja, kufukuza ni kitu kingine. Anayepanga huonyesha mahali pengine kabla ya kukataza pale pa kwanza. Huandika majina, huita wauzaji wakae naye mezani, huwapa siku za kuhama. Anayefukuza hurudia tu desturi ya mwaka 1931, hata kama anasema kwa jina la Uhuru.