Asili ya Kompyuta ya Michezo na Ufundi wa Kuiunda

Msomaji, neno kuunda ni neno la kale katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Nyumba hujengwa, nguo hushonwa, chungu hufinyangwa. Lakini chombo cha bahari huundwa. Kutoka Gazi na Msambweni hata Shimoni na Vanga, mafundi wa mashua na madau wameifanya kazi hiyo kwa vizazi vingi. Fundi hulaza mkuku kwanza, husimamisha mataruma, hupigilia mbao, kisha hukalafati nafasi zilizo baina ya mbao kwa pamba na mafuta. Chombo kikivuja, fundi hakivunji chote. Hukipandisha pwani, akafuata mshono mmoja baada ya mwingine, mpaka aipate nafasi iingizayo maji.

Katika insha hii nataka uone ya kuwa kompyuta yenye nguvu, ile ambayo vijana wa Kwale na wa dunia nzima huitamani kwa kuchezea michezo ya skrini, huundwa kwa akili ile ile na hutibiwa kwa subira ile ile. Wengi huitazama kama kitu cha uchawi kilichoshushwa kutoka ng'ambo. Si uchawi. Ni vipande vilivyounganishwa, na kila kipande kina historia yake. Aijuaye historia ya vipande hatishwi na mashine nzima.

Tuanze na mashine yenyewe ilipozaliwa. Mwaka 1946, katika mji wa Philadelphia huko Marekani, watu walionyeshwa mashine ya kuhesabu iliyoitwa ENIAC, kazi ya John Mauchly na Presper Eckert. Uzito wake ulikuwa kiasi cha tani 30, na ndani yake mlikuwa na vali kama 18,000. Vali ni vioo mfano wa taa ndogo, vya namna iliyotumika katika redio za zamani. Kila vali iliweza kuungua wakati wowote, na moja ikiungua hesabu huharibika. Wanawake sita waliopewa kazi ya kuipangia mashine hiyo hesabu zake walijifunza muundo wake kwa michoro, hata wakaweza kukaribia kuionyesha vali yenyewe iliyokufa miongoni mwa maelfu. Basi tangu siku za kwanza kabisa, kuijua kompyuta na kujua kutafuta kosa lake vilikuwa elimu moja.

Mwaka uliofuata lilitokea jambo ambalo mafundi hawajalisahau. Tarehe 9 Septemba 1947, katika chuo kikuu cha Harvard, mafundi waliokuwa wakitafuta kosa ndani ya mashine iliyoitwa Mark II walimkuta nondo amenaswa katika swichi. Walimtoa, wakambandika katika daftari la kazi, wakaandika kwamba mdudu halisi amepatikana. Mzaha wao ulitokana na desturi: mafundi wa Marekani walikuwa wakiliita kosa la mtambo mdudu tangu karne ya 19. Lakini, msomaji, usiuangalie mzaha tu, liangalie daftari. Watu hawa walikuwa wakiandika kila walichokiona na kila walichokifanya. Bila ya daftari, nondo yule angalitupwa na kisa chake kisingalijulikana leo.

Mwishoni mwa mwaka 1947 ilizaliwa transista katika maabara ya Bell, kwa juhudi ya John Bardeen, Walter Brattain na William Shockley. Transista ilifanya kazi ya vali bila ya kioo na bila ya joto kubwa. Baadaye wataalamu walijifunza kuchora transista nyingi juu ya kipande kimoja cha silikoni. Mwaka 1971 kampuni ya Intel iliuza prosesa yake ya kwanza, iitwayo 4004, yenye transista 2,300. Mwaka 2022 kampuni ya Nvidia ilitoa kadi ya picha ambayo kipande chake kikuu kina transista zaidi ya bilioni 76. Hapana mtu awezaye kuzihesabu kwa umri wake wote.

Yamkini utauliza: michezo iliingia wapi katika kazi nzito kama hizi? Iliingia mapema mno. Mwaka 1958 William Higinbotham, mtaalamu katika maabara ya Brookhaven, alitengeneza mchezo wa tenisi uliochezwa juu ya kioo cha chombo cha kupimia umeme, ili wageni wapate kuburudika. Mwaka 1962 vijana wa chuo cha MIT walikamilisha mchezo wa vita vya angani ulioitwa Spacewar. Usiudharau mchezo. Atazamaye bao likichezwa barazani ajua kwamba kete zile ni hesabu kali, na mchezaji hodari huona mbele kuliko mwenzake. Vivyo hivyo michezo ya skrini ilizidai mashine ziwe na mbio ambazo kazi za karani hazikuzihitaji.

Ili uelewe dai hilo, fikiri juu ya skrini ya kawaida yenye nukta 1,920 kwa upana na nukta 1,080 kwa urefu. Jumla yake ni nukta 2,073,600. Mchezo ukitaka picha 60 kwa kila sekunde, mashine haina budi kuamua rangi za nukta zaidi ya milioni 124 katika sekunde moja. Prosesa ni kama mwanachuoni mmoja mwenye akili nyingi: hufanya hesabu ngumu, lakini si nyingi mno kwa mara moja. Kadi ya picha ni kama msaragambo wa kijiji: watu maelfu, kila mmoja na jembe lake, wakilima shamba moja kwa pamoja. Kwa sababu hii kadi ya picha ndiyo kipande cha ghali kuliko vyote katika mashine ya michezo.

Sasa tutazame namna mtu wa kawaida alivyopata ruhusa ya kuunda. Mwanzoni kompyuta zilikuwa mali ya serikali, vyuo na makampuni makubwa. Mwaka 1975 iliuzwa kompyuta ndogo iitwayo Altair 8800, ambayo mnunuzi aliweza kuletewa kwa posta ikiwa vipande katika sanduku, akaviunganisha mwenyewe kwa risasi ya kulehemu. Kisha, Agosti 1981, kampuni ya IBM ilitoa kompyuta yake ya mezani. Kwa haraka ya kuimaliza, iliiunda kwa vipande vya viwanda vingine, na ikatangaza maelezo ya ufundi wake. Makampuni mengine yakaiga, na baada ya miaka michache vipande kutoka viwanda mbalimbali vikawa vyaoana. Huo ndio mlango ambao kijana wa Ukunda au Msambweni huingilia leo: aweza kununua ubao mama wa kiwanda hiki, prosesa ya kiwanda kile, na kadi ya picha ya kiwanda cha tatu, navyo vikakubaliana. Mwaka 2009 nyaya mbili za mawasiliano zipitazo chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa, na njia ya kucheza na watu wa nchi za mbali ikawa pana kuliko ile ya setilaiti.

Uundaji wenyewe una taratibu zake. Ubao mama, ambao mafundi huuita madabodi, ndio mkuku. Prosesa huwekwa juu yake kwa mkono mwepesi, alama ya pembeni ikielekea alama ya kikalio. Haitaki nguvu hata kidogo. Vipande vya kumbukumbu hubanwa mpaka vilie. Juu ya prosesa hupakwa dawa kidogo ya kupitisha joto, kisha feni yake ikakazwa. Ndipo ubao huingizwa katika kasha, ikafuata pawa saplai, na mwisho kadi ya picha. Kadi ile ya mwaka 2022 yaweza kula wati 450 peke yake, hata watengenezaji wakashauri pawa saplai ya wati 850 kwa mashine nzima. Anayebana fedha hapa hununua majuto.

Kazi imekwisha, kitufe kimebonyezwa, na mashine imenyamaza. Hapa ndipo fundi hutengana na mbahatishaji. Mbahatishaji hung'oa hiki na kile, hubadili vitu vitatu kwa wakati mmoja, na mashine hata ikiwaka hajui ni kipi kilichomponya. Fundi hugawa kosa. Je, mashine haiwaki kabisa? Basi atazame njia ya umeme: soketi, waya, swichi ya nyuma, na plagi zinazoingia katika ubao mama. Je, feni zazunguka lakini skrini ni nyeusi? Atazame kwanza kama waya wa skrini umechomekwa katika kadi ya picha au umechomekwa kwa makosa katika ubao mama. Kisha abakishe kipande kimoja tu cha kumbukumbu, ajaribu, abadilishe, ajaribu tena. Je, yawaka vizuri lakini yazimika katikati ya mchezo? Atuhumu joto, au pawa saplai iliyozidiwa. Kila jaribio liwe moja, na kila jaribio liandikwe, kama walivyofanya wale waliomkuta nondo.

Wala usidhani kosa kubwa lazima liwe na sababu kubwa. Mwishoni mwa mwaka 2022 wanunuzi kadhaa wa kadi ile yenye transista bilioni 76 waliona plagi ya umeme wa kadi ikiyeyuka kwa joto. Kampuni ilichunguza, ikaeleza kwamba jambo lililoonekana mara nyingi ni plagi kutoingizwa mpaka mwisho. Baadaye umbo la plagi hiyo lilirekebishwa. Tazama jinsi hekima ya bilioni nyingi ilivyoweza kuangushwa na nafasi ndogo iliyobaki baina ya plagi na tundu lake, kama jahazi liwezavyo kuzamishwa na mshono mmoja usiokalafatiwa.

Pwani ya kusini ina adui zake wa pekee. Upepo wa bahari huko Diani hubeba chumvi na unyevu, na chumvi hula shaba na chuma. Vikalio vya kumbukumbu na skrubu za kasha hushika kutu mapema kuliko za bara. Unyevu huo una fadhila moja, kwamba umeme tuli, ambao huweza kuua vipande kwa mguso wa kidole, hupungua hewa inapokuwa na maji. Hata hivyo mwenye busara hugusa chuma cha kasha kwanza. Joto nalo humkuta prosesa amekwisha kuchoka, na prosesa ikipata joto la karibu nyuzi 100 hupunguza mbio zake yenyewe ili isiungue. Kisha kuna umeme wa kukatika. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 giza liliingia karibu Kenya nzima. Umeme unaporudi huweza kuja kwa kishindo, na kwa hiyo betri ya akiba na kinga ya umeme si anasa katika nyumba ya mwenye mashine ya thamani.

Msomaji, limebaki jambo la mwisho, nalo lahusu ardhi ya Kwale yenyewe. Kuanzia mwaka 2013 mchanga wa Maumba na Nguluku ulichimbwa na kampuni ya Base Titanium. Familia zilihamishwa, na madini ya ilimenaiti, rutaili na zirikoni yakasafirishwa kwa meli kutoka Likoni. Uchimbaji huo ulikoma Desemba 2024. Titani nyingi duniani huishia katika rangi nyeupe, lakini mchanganyiko wake mwingine hutumiwa katika vijipande vidogo vya kutunzia umeme, ambavyo hujaa juu ya kila ubao mama. Katika kilima cha Mrima, ambacho ni msitu mtukufu wa kaya ya Wadigo, mna madini adimu ya jamii ile itengenezayo sumaku za diski. Sisemi kwamba mchanga wa Kwale umo katika mashine uliyonayo; hapana awezaye kuufuatia njia yake. Nasema kwamba maada za mashine hizi si ngeni kwa nchi hii. Kilicho adimu ni maarifa ya kuzigeuza.

Mchanga ukichukuliwa haurudi, na mgodi ukifungwa shimo hubaki. Maarifa si hivyo: ukimpa mwenzako, nawe hubaki nayo. Kijana ajuaye kuiunda mashine ya michezo leo, kesho aweza kuitengeneza kompyuta ya zahanati ya Msambweni, ya ofisi ya Kwale au ya darasa lake mwenyewe, maana vipande ni vile vile na kosa hutafutwa kwa njia ile ile. Ajuaye kununua tu atakuwa mteja siku zote. Kwa hiyo ukiona mashine imekufa, usiseme imekwisha. Ifungue, anza na mshono wa kwanza, na kalamu iwe karibu.